Mwaka wa Sahani ya Pembeni

"Huyu ndiye yule mtoto wa chuo," dada yake marehemu Generoza aliwaambia wanawake waliokuwa wakimenya ndizi nyuma ya nyumba ya msiba, pale nje kidogo ya Kasulu, na wote wakasimamisha visu wakanitazama. Mtoto! Mimi, mwenye miwani ya kusomea inayoning'inia kifuani, mwenye mvi ninazozificha chini ya kilemba, mwenye binti anayenipita kimo. Nikapiga makofi yale ya taratibu tunayosalimiana nayo huku kwetu, nikainama, nikasema mwakeye, wakaitikia mwakeye, wakanisogezea kigoda. Hakuna aliyecheka. Kumbe ndivyo marehemu alivyokuwa akinitaja miaka yote hiyo, na kwao nilikuwa mtoto kwelikweli, mtoto aliyechelewa tu kufika. Mama mmoja wa makamo akaniuliza, "Ni wewe uliyesoma sekondari na chuo kwa wakati mmoja?" Nikasema ni mimi. "Ego, sawa. Basi mlikuwa marafiki sana na marehemu." Nikasema tulikaa chumba kimoja, nikachukua kisu nami nikaanza kumenya, maana machozi yalikuwa yamekaribia na mimi si mtu wa kulia mbele ya watu nisiowajua.

Ningeliacha swali hilo hukohuko msibani kama si mambo ya nyumbani kwangu Kibondo. Binti yangu Anitha yuko kidato cha tano, na shuleni kwao wamechaguliwa wanafunzi wachache wenye alama nzuri waanze kuchukua masomo ya chuo cha ualimu kilicho jirani nao kabla hawajamaliza sekondari, ili wakimaliza wakute wameshatangulia. Wazazi wenzangu wanajua nilipita njia hiyo, basi wananisimamisha sokoni na vikapu vyao mkononi: "Mwalimu, wewe tuambie, inafaa?" Nami nawajibu inafaa, inategemea, tutaongea kwenye kikao. Nawakwepa, nisiseme uongo. Kuhusu masomo nina majibu mengi, na hata kuhusu mitihani. Lakini mwaka wenyewe, ule mwaka nilioishi siku baada ya siku, sijawahi kumsimulia mtu, hata baba yake Anitha.

Enzi zangu jambo lenyewe lilikuwa jaribio tu. Chuo na shule ya sekondari vilikuwa jirani, vimetenganishwa na uwanja wa mpira na mstari wa mikaratusi, na wakubwa wa pande zote mbili wakakubaliana kwamba mwanafunzi mmoja wa kidato cha tano, kwa mwaka mmoja, asome asubuhi shuleni na mchana chuoni, alale bweni la chuo, waone itakuwaje. Wakanichagua mimi. Kibondo yetu ilipokea habari kana kwamba nimeteuliwa kuwa waziri. Baba hakunipa mawaidha mengi siku ya kuondoka; alinisindikiza stendi, akasubiri mzigo wangu ufungwe juu ya basi, kisha akanivuta kando. "Kule utakuta watu wazima," akasema. "Uwaamkie wote. Wote, unanisikia? Hata yule utakayemwona kama mdogo. Sitaki kusikia kwamba mtoto wangu ana kiburi cha akili." Nikasema ndiyo, Baba. Alikuwa na sababu zake, na hadi leo simlaumu, kwa sababu ningekuwa yeye ningesema hivyohivyo.

Basi nikafika Kasulu nikawaamkia wote. Nilifika alasiri, baridi imeshaanza kushuka, ukungu umekaa juu ya mashamba ya mihogo, na matroni akanipeleka kwenye chumba cha vitanda vinne vya chuma. Sakafu ilikuwa ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, inang'aa, inateleza. Kanga zilitundikwa kwenye kamba kukigawa chumba, pasi ya mkaa ilikuwa dirishani, na hewa ilinuka sabuni ya mche na mawese. Wasichana watatu walikuwa wamekaa kitanda kimoja wanasukana. Nikapiga magoti pale mlangoni, sanduku bado liko kichwani. "Shikamooni." Wakatazamana. Aliyekuwa katikati, mrefu, mwenye nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama wima, akasema polepole, "Marahaba, mwanangu," na wenzake wakaficha vicheko vyao mabegani mwake. Huyo alikuwa Generoza. Alikuwa na miaka ishirini na mbili. Mimi nilikuwa na kumi na saba. Kama tungekutana kisimani, au kwenye kwaya, ningemwita Gene na yeye angeniita Leo, kifupi cha Leokadia, angenikopesha viatu, tungegombana na kupatana. Lakini nilishampigia goti, na yeye alishaitikia. Ukishamwamkia mtu hivyo huwezi kuyarudisha maamkizi yako. Asubuhi iliyofuata unayatoa tena, na kesho yake, na huyo mtu anazidi kuwa mkubwa wako kila kukicha.

Chakula ndicho kilichonifunza maana yake. Waliopanga ratiba yangu walikuwa watu makini. Walihakikisha hakuna kipindi cha shule kinachogongana na kipindi cha chuo. Chakula hawakukifikiria. Kengele ya shule, rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mti, ililia wenzangu wanakimbilia maharage yao, na mimi ndipo nilipotakiwa kuvuka uwanja kwenda chuoni. Nikifika huko wanachuo wameshakaa makundi makundi, kila kundi na sinia lake la ugali wa muhogo, na makundi yale yalikuwa ya watu waliochaguana. Mimi nilikuwa wa bweni lao, basi nikaenda kwa kina Generoza. Na kwa kuwa mimi ndiye mdogo, na mdogo ndiye anayenawisha, nikashika jagi na beseni. Nikawanawisha wale, kundi la jirani wakaita, "Mtoto, na huku," nikaenda na huko, na kule, na watu walikuwa wakinishukuru vizuri sana. Nilipomaliza sinia lilikuwa linang'aa. Generoza alikuwa ameniwekea changu kwenye sahani, ameifunika na sahani nyingine, ameiweka dirishani. "Kula, mwanangu," akasema, na wao wakanyanyuka, kwa sababu walikuwa wamemaliza. Siku ya pili vivyo hivyo. Baada ya hapo jagi lilikuwa langu na sahani ya pembeni ilikuwa yangu, na hakuna hata mmoja aliyenikosea. Ndiyo maana ilikuwa vigumu hata kulalamika. Ningelalamika nini? Kwamba wananiwekea chakula? Wakati mwingine kulikuwa na kipande cha mgebuka kikubwa kuliko walichokula wao. Nilikitafuna peke yangu kwenye bwalo lililobaki na wapishi wanaofagia, na nilikuwa nakitamani kicheko chao kuliko yule samaki.

Asubuhi shuleni haikuwa afadhali. Wenzangu wa kidato cha tano waliacha kuniita Leokadia, wakaniita Mwalimu. "Mwalimu, tusaidie hili swali." "Mwalimu, sisi tunaongea mambo ya kitoto, usitusikilize." Walilala bweni moja wao, walijua nani kaandikiwa barua na nani, nani kaiba sukari ya nani, na mimi nilikuja asubuhi nimekula uji wa mahali pengine. Hivyo asubuhi nilikuwa mwalimu na mchana mtoto; mtu wa kawaida sikuwa popote. Chuoni tulikuwa na kipindi cha saikolojia ya elimu, na mkufunzi wetu, Bwana Bukuru, mtu mpole mwenye sauti ya padri, alipofika kwenye sura ya kijana balehe akaanza kueleza kwamba katika umri wa miaka kumi na saba kijana hupenda kuwa na kundi la rika lake, hukasirika upesi, hujiona haeleweki. Darasa zima likageuka likanitazama. Wengine walikuwa wanaandika huku wananitazama. Nilitamani sakafu inimeze. Ila nilipata alama za juu kabisa katika mtihani wa sura hiyo.

Jioni nilikuwa na desturi moja ambayo leo naiona ya ajabu. Kamba ya kuanikia nguo ilipita chini ya dirisha la chumba chetu. Nilikuwa nakwenda pale kuanua nguo, nikizikunja, nikimaliza nazikunjua nazikunja tena, kwa sababu ndani walikuwa wanaongea. Sikuwa nachunguza siri za mtu. Nilitaka kuwa karibu na maongezi tu, kama unavyosogelea jiko wakati huna chakula cha kupika. Ndani ya chumba nikiingia walikuwa wakikatiza: "Tusubiri kwanza, mtoto." Nje pale niliyasikia yote. Nikamjua yule kijana wa Manyovu aliyekuwa akipitisha bidhaa mpakani na kumletea Generoza vitenge, na kwamba mama yake hakumtaka Generoza kwa kuwa kwao walitoka Burundi, wakati yeye mwenyewe bibi yake alitoka hukohuko. Generoza alilisimulia hilo kwa utani, akimwigiza yule mama anavyobetua mdomo, wenzake wakafa kwa kucheka, na mimi nje na gauni mkononi nikacheka pia, nimejiziba mdomo. Ndipo siku moja nikasikia jina langu.

"Mie huyu mtoto ananitisha, wallahi," Generoza alisema. "Asubuhi anapiga goti, shikamoo Dada, najiona mama mkwe. Nikijitazama kwenye kioo natafuta makunyanzi."

"Si umwambie aache," mwenzake akasema.

"Nimwambieje? Mtu anakupa heshima, wewe uitupe chini? Kesho atasema kwao kwamba wasichana wa Kasulu hawana adabu."

"Halafu mpweke, maskini."

"Naona. We unadhani sioni? Lakini mtu anayekuamkia huwezi kumwambia habari za mwanamume wako. Utaanzia wapi?"

Nilibaki pale mpaka umande ukaanza kushika nguo. Ilikuwa nafuu na ilikuwa pigo, vyote pamoja: kwamba wameona, na kwamba hawana la kufanya. Kulipofika likizo nikarudi Kibondo, na Baba akanikalisha akaniuliza masomo yanakwendaje, nikasema vizuri. Chakula? Kipo, wananiwekea. Unawaamkia? Nawaamkia. Akafurahi hasa, akanitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama, akasema hata walimu waliopita Kibondo wamemletea salamu kwamba binti yake amelelewa. Ningewezaje kumwambia? Nikala kwa mama yangu kwa siku zote za likizo, mkono wangu ukiwa kwenye sinia moja na wadogo zangu wanaonisukuma na viwiko, na ilipofika siku ya kurudi nikasema tumbo linaniuma. Halikuwa linauma. Nikapanda basi.

Muhula wa pili ndio uliokuwa na zoezi la kufundishana, na hilo ndilo lililokuwa la kuamua hatima yangu. Kila mmoja kwa zamu alisimama ubaoni kuwa mwalimu, wenzake wakajifanya wanafunzi wa darasa la tatu, mkufunzi akakaa nyuma akipima. Asiyefaulu angerudia mwaka, lakini mimi nilikuwa jaribio, na jaribio halirudii: ningeshindwa ningeondolewa chuoni na kurudishwa Kibondo mbele ya watu wote waliokuwa wamepiga vigelegele. Niliandaa somo langu la vitu vinavyoelea na vinavyozama kwa majuma. Nilikuwa na beseni, misumari, kizibo, jani la mkaratusi. Kitu ambacho sikukiandaa ni mwanzo. Nikaingia darasani, na Generoza, ambaye siku hiyo alikuwa kiranja, akapiga kelele kwa sauti ya kitoto: "Darasa, simama!" Wakasimama wote, wanawake kwa wanaume, wengine wana watoto wao nyumbani, wakavuta kwa pamoja kama watoto wanavyovuta: "Shikamoooo, mwalimu!"

Jamani. Nilisikia masikio yanavuma. Kila mmoja wa watu wale nilikuwa nimemwamkia asubuhi ileile. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe na nikasikia sauti yangu inasema, "Shikamooni." Darasa likapasuka. Mtu mmoja alilala juu ya dawati. Bwana Bukuru hakucheka, alisubiri kelele zitulie, kisha akasema kutoka nyuma kwa ile sauti yake ya padri, "Mwalimu, wanafunzi wako wamesimama." Na kweli walikuwa wamesimama, hawakai, kwa sababu mwanafunzi haketi mpaka aambiwe. Nilimtazama Generoza. Alikuwa amekunja mikono kifuani, ametoa kidole kimoja amekitia mdomoni, anajinyonganyonga kama mtoto anayetaka haja ndogo, na macho yake yalikuwa yananisihi. Sema, yalikuwa yanasema. Sema basi.

"Marahaba," nikasema. "Kaeni."

Wakakaa kwa kishindo. Nikaweka beseni mezani nikaanza. Na nieleze vipi? Walikuwa watoto kweli! Walinyoosha vidole wakipiga kelele "Mimi! Mimi mwalimu!" Walinyang'anyana kizibo. Jamaa mmoja mwenye ndevu akashtaki kwamba jirani yake amemfinya. Generoza akanyoosha mkono: "Mwalimu, naomba kwenda chooni," na mimi, bila kufikiri, nikageuka kutoka ubaoni nikasema, "Kaa chini, Generoza, utakwenda wakati wa mapumziko!" Wakashangilia. Nikacheka nao, nikacheka mpaka chaki ikanidondoka, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu nishuke basi la Kibondo. Katika mwaka mzima nilikuwa mmoja wao kwa kipindi kimoja, tukiigiza. Bwana Bukuru akanipitisha. Akaandika kwamba mwanzo wangu ulikuwa dhaifu.

Chumbani jioni ile Generoza alikaa kitandani kwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Leo umeniita jina," akasema. "Umeona? Sijafa, wewe hujafa. Niite tena." Nikasema, "Dada Gene..." "Oya, hapana. Jina." Nilitaka. Mungu anajua nilitaka. Nikatazama sakafu ile nyekundu, na yeye akasubiri kwa uvumilivu mwingi, kisha akanipigapiga goti akasema basi, hamna neno. Kesho yake mchana akachukua jagi mikononi mwangu, akampa mwingine, akanikalisha kwenye sinia. Wakanipisha nafasi. Nikangoja wao waanze kumega, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Nao wakangoja nianze mimi, kwa sababu nilikuwa mgeni. Walinisogezea kipande cha samaki, nikakirudisha, wakakisogeza tena. Hakuna aliyetaja Manyovu. Mmoja akaniuliza, "Masomo yanaendeleaje?" nikajibu vizuri, na tukamaliza ugali tukiwa na adabu zetu zote. Siku iliyofuata mtu wa kundi la jirani akaita kwa mazoea, "Mtoto, maji," na nikainuka haraka mno, karibu nimshukuru. Niliporudi sahani yangu ilikuwa dirishani. Generoza hakunitazama, na mimi sikumtazama. Tuliumaliza mwaka hivyo, tukiheshimiana.

Kile nilichokwenda kukitafuta nilikipata, nisije nikaonekana sina shukrani. Nilipomaliza kidato cha sita nilianzia mwaka wa pili wa chuo, nikashika chaki nikiwa bado binti mdogo, na wadogo zangu walisoma kwa sababu hiyo. Jaribio lenyewe halikuendelea baada yangu. Walisema limefanikiwa, wakaliacha. Generoza akapangiwa shule upande wa Manyovu, akaolewa hukohuko, na tukikutana kwenye semina tulisalimiana kwa makofi marefu na kuulizana habari za watoto. Kila mara nilisema moyoni kwamba safari ijayo nitakaa naye, tutaongea. Sasa amekufa, na mimi ndiye yule mtoto wa chuo, na sijui kama alikuwa rafiki yangu. Inaniuma kuliko nilivyotegemea.

Jana jioni Anitha alikuwa anachambua maharage, nikamwuliza kama anataka kwenda kweli. "Mama, nataka," akasema, hata hakuinua uso. "Kwani wewe ilikuharibia nini?" Nikasema haikuniharibia kitu. "Sasa mbona umenuna tangu utoke msibani?" Nikamwambia achambue vizuri, ameacha mawe. Ana midomo huyu, hakufanana na mimi, na nilimtazama nikashukuru Mungu kwa ile midomo.

Leo asubuhi tukakaa kwenye bwalo la shule, wazazi wote, na mwalimu wa taaluma, kijana nadhifu mwenye suti, akatueleza mpango kwa ufasaha. Vipindi havitagongana. Alama zitahesabiwa pande zote mbili. Watalala bweni la chuo, usalama upo, matroni yupo. Baba mmoja akauliza kama cheti kitatambulika, akajibiwa. Mama mmoja akauliza kama mtoto akiugua ataruhusiwa kurudi, akajibiwa. Kisha yule kijana akanigeukia mimi kwa heshima, akasema hapa tuna mama yetu aliyepita njia hii kabla yetu, labda ana neno la kuwatia moyo wazazi wenzake. Wakapiga makofi. Nikasimama, nikayaacha maneno yote niliyokuwa nimeyapanga.

"Mchana atakula na nani?" nikauliza.

Wazazi wakacheka. Yule mwalimu naye akaanza kucheka, akafungua ratiba yake, akaipitisha kidole kutoka juu hadi chini, kisha akaipitisha tena, na alipoinua kichwa akakuta mimi bado nimesimama.